Paroko Alipojinyoa

Matanga ya mama yalipokwisha, kazi ya kupanga vitu vyake niliachiwa mimi, eti kwa sababu ndimi binti pekee. Nilifungua sanduku lake la bati, pale pale nyumbani Murukulazo, nikakutana na kitenge kilichopauka, cha maua ya rangi ya machungwa, chenye vitundu pembeni kama kimeliwa na panya. Sikukikunjua. Nilikipeleka puani, na harufu ikanijia ile ile ya zamani: asali iliyokaa sana, vumbi, na kajoto fulani kama ka kichwa cha mtoto aliyelala. Hiyo ni harufu ya kasuku wetu Paroko, na vile vitundu ni kazi ya mdomo wake. Nikakaa chini sakafuni nikalia kilio ambacho siku zote za msiba kilikuwa kimegoma kutoka.

Wenzangu tuliokulia Ngara na Biharamulo, mtu akitutajia miaka ya wakimbizi tunakumbuka malori na vumbi lake, maturubai yaliyofunika vilima, kuni zilizoadimika hadi mama zetu wakachoma mabua. Hayo nami nayakumbuka. Lakini ukinigutusha usingizini ukaniuliza miaka ile ilikuwaje, nitakutajia ndege.

Alikuja kichwani kwa Mama Odeta. Watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi, ng'ambo ya mto Ruvubu, huyu kabeba godoro, yule mbuzi, yule mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Mama Odeta akatokea kwenye njia ya migombani kwetu na tundu la waya juu ya kata, limefunikwa kitenge, na mkononi hana kitu kingine. Aliomba maji. Mama akampa maji, kisha uji, kisha mkeka, na jioni ile ile wakawa wanaongea kama watu waliochota maji pamoja tangu utotoni, maana Kirundi chake na Kihangaza chetu havihitaji mkalimani. Mama alipofunua kitenge, alishtuka hadi akajigonga kwenye nguzo.

"Yesu na Maria! Umeacha sufuria zako ukabeba ndege?"

"Sufuria hainijui, Mama Fortu," alisema Mama Odeta. "Huyu ananijua."

Kasuku tuliokuwa tukisikia habari zao ni wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. Huyu alikuwa wa kijani cha jani changa la mgomba, kichwa cha njano, na begani akinyoosha bawa unaona wekundu umejificha kama kitambaa cha ndani ya koti. Mama Odeta alikuwa mpishi katika nyumba ya mapadri kwao. Padri mmoja mzee, aliyewahi kuishi Amerika ya Kusini, ndiye aliyekuja na ndege huyo, na siku ya kuondoka kwa haraka alimwachia yeye. Ndiyo maana wakamwita Paroko. Hata jina lilimfaa. Alikuwa mnene, anatembea kwa kuyumba, na asubuhi jua likichomoza na jioni likizama lazima aimbe kwa sauti kubwa, maneno hayaeleweki lakini heshima yote ya misa imo.

Mimi nilikuwa mtoto wa kutaka sababu ya kila kitu, na nisipopewa najitengenezea. Niliamua kichwa chake kimekuwa cha njano kwa kula ndizi mbivu. Basi na mimi nikala ndizi, asubuhi ndizi, mchana ndizi, halafu najikagua nywele kwenye maji ya ndoo kama zimebadilika. Kilichobadilika ni tumbo. Baba alicheka hadi akakohoa.

Mama Odeta alinifundisha kumlea kama mtu anavyofundishwa kumlea mtoto wa kwanza. Ndizi kidogo, papai, mahindi mabichi, mchicha, maharage yaliyoiva vizuri. Karanga chache tu, maana huyu akiachiwa atakula hadi ashindwe kupanda kitagaa chake cha kukalia. Parachichi kamwe, hata ganda lake lisimguse. Kwetu parachichi zilikuwa zinaoza chini ya miti, na mimi sikuamini kwamba tunda tamu vile linaweza kuua ndege mkubwa vile. "Usiamini, tii," aliniambia. Asilale jikoni kwa sababu ya moshi. Apewe tawi la mpera atafune, la sivyo atatafuna kitenge, na kitenge alikitafuna hata hivyo. Na jicho lake lichunguzwe kabla ya kumpa kidole: kiini kikianza kusinyaa na kupanuka, kusinyaa na kupanuka, na mkia ukachanua, hapo moyo wake umechemka, iwe kwa furaha au kwa hasira, na kidole chako ni chako, kilinde. Baba alijifanya mwanaume akakipeleka chake. Alikifunga kitambaa hadi Jumapili.

Kilichotushangaza zaidi ni namna ya kumwogesha. Mama Odeta alikuwa anajaza maji mdomoni, anamsogelea, halafu pfuuu! anampulizia kama ukungu. Paroko anachanua mabawa, anapiga kelele za raha, anajipindua juu chini kwenye kitagaa. Mara ya kwanza mama alidhani ni uganga, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaja kuangalia kwa karibu, na baada ya siku kadhaa naye akawa anapuliza.

Mama Odeta alilima nasi, akapanda maharage pamoja nasi, akalala kwenye kibanda cha nyuma. Ila alikuwa na shimo moyoni. Binti yake Odeta walipotezana njiani, na kila lori likipita alikuwa anaacha jembe kwenda barabarani kuuliza. Siku moja mtu alimwambia msichana wa jina hilo ameonekana kwenye kambi moja upande wa Biharamulo, kule kupita Nyabusozi. Hakulala tena vizuri. Maharage yalipochipua majani mawili mawili, alipata lifti ya lori.

"Nitarudi yakitoa maua," alimwambia mama. Mimi aliniachia tundu na kitenge. "Mwana wangu, huyu ni wako mpaka nirudi. Usimnyime maneno."

Maharage yakatoa maua. Yakafunga maganda. Yakakauka, tukayang'oa, tukayapiga fimbo uani, tukapeta. Mama Odeta hakurudi. Badala yake zilikuja habari za kuhara damu kwenye kambi za huko. Mama alimsimamisha dereva mmoja wa malori akamuuliza kama amemwona mwanamke wa namna hii na hii. "Mama yangu," dereva alisema, "kule watu ni kama siafu. Nitamjuaje huyo wako?"

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtatuelewa. Kwetu mtu akifa nyumba inanyamaza. Jembe halishikwi, redio inazimwa, moto unakokwa uani, watu wanakuja kuketi na wafiwa. Matanga yakiisha, wafiwa wananyolewa vipara. Mtoto wa kwetu akiona mtu ana kipara kipya haulizi habari za kinyozi. Anauliza nani kafa.

Basi asubuhi moja nafunua kitenge, namkuta Paroko kifua kitupu. Manyoya ya kijani yamejaa chini ya tundu, na yeye anaendelea, anashika unyoya kwa mdomo, anavuta, anautupa. Ngozi ya kifua ilikuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa, tofauti ni kwamba huyu yu hai na anakutazama. Nilikimbia uani.

"Mama! Paroko kajinyoa!"

Mama alikuwa anapeta. Aliweka ungo chini polepole. Aliingia ndani, akatazama, akatoka ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Amekufa," alisema. "Mama Odeta amekufa, na ndege amejua kabla yetu."

Baba alibisha, maana kubisha ndiyo ilikuwa starehe yake. "Ndege gani anajua habari za Biharamulo? Ana chawa huyo."

"Chawa gani wanakula kifua tu, kichwa wanaacha? Tafuta basi hao chawa wako."

Baba aliwatafuta kwa makini, kwa mbali kidogo, kidole chake kikiwa nyuma. Hakuona chawa hata mmoja. Akavua kofia, akaishika kifuani, na hakubisha tena.

Jioni mama alikaa kwenye kigoda uani, baba akamnyoa kwa wembe. Nywele zake zilikuwa ndefu, za kusuka, alikuwa anazipenda. Nilimuuliza kwa nini tunyoe sisi ilhali Mama Odeta si ndugu yetu.

"Ndugu zake wako wapi?" mama alinijibu. "Unawaona hapa? Tusipomnyolea sisi, nani atamnyolea? Mtu kufa asipate hata mtu mmoja wa kumnyolea ni kama kutupwa jalalani. Sogea hapa." Akaninyoa na mimi, na machozi yake yalikuwa yananidondokea kwenye utosi mtupu, ya moto. Baba alijinyoa mwenyewe mbele ya kioo kilichovunjika, akajikata mara nyingi.

Kisha mama akafanya alichoona ni heshima. Mfiwa, hasa mjane, kwetu hakai barazani akipiga kelele, anakaa ndani ametulia. Kwa hiyo akamfunika Paroko kitenge hata mchana, akamhamishia chumba cha ndani. Chakula anapewa, maji anapewa, lakini hakuna kumwimbia, hakuna mizaha, hakuna kumpulizia maji. Redio ilizimwa. Tukawa tunatembea kwa vidole. Na kadiri tulivyomheshimu ndivyo alivyozidi kujinyoa. Alimaliza kifua, akaingia mapajani, akaingia chini ya mabawa. "Ona uchungu ulivyomzidi," mama alisema kila alipomfunua, na kumfunika tena. Asubuhi haimbi, jioni haimbi. Halafu akaacha kula.

Nyie, niliogopa. Mama Odeta alikuwa ameniambia huyu ni wako mpaka nirudi, na mimi niliona anakwisha mikononi mwangu. Siku moja mama ameenda shambani na baba kwenye kahawa, niliinua kitenge. Paroko alikuwa ameshuka kwenye kitagaa, amejikunyata sakafuni kwenye kona ya tundu, macho nusu. Hakunitazama. Nikaketi mbele yake nikafikiri kwa akili zangu zile za ndizi.

Nilikumbuka msiba wa bibi yangu. Nyumba ilijaa. Watu walilala kwenye nyasi uani, walileta ndizi, walileta togwa, walimshika baba mkono wakasema pole, na kila aliposimama kwenda peke yake nyuma ya nyumba, mtu alimfuata. Mama alinieleza wakati ule: mfiwa haachwi peke yake. Sasa Paroko naye amefiwa, kanyoa, amewekwa ndani, na je, nani amekuja kumpa pole? Hakuna! Hata mmoja! Niliona aibu kwa niaba ya kijiji kizima.

Nikatoka nikavuta nyasi kavu, nikazitandika mbele ya tundu kama zinavyotandikwa msibani. Nikaleta hindi bichi lililomenywa. Nikaketi, nikaingiza mkono bila kuangalia jicho wala mkia, nikamgusa mguu.

"Pole, Paroko," nikamwambia. "Pole sana kwa msiba."

Alinyanyua kichwa. Nikaendelea kuongea, maana wenye msiba huongeleshwa: nikamweleza habari za mbuzi wetu, za mwalimu wetu, za mvua. Nikajaza maji mdomoni nikampulizia. Nikaimba wimbo wa kwaya, wa Pasaka, ambao msibani haufai kabisa, ila ndio niliokuwa naujua wote. Na jicho lake, jamani, kile kiini kikaanza kusinyaa na kupanuka, kusinyaa na kupanuka. Akapanda kitagaa. Akashika hindi.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni na jembe begani. Nikajua leo ngozi yangu itashonwa viatu.

"Unafanya nini, Fortu?"

"Nampa pole, mama. Hakuna mtu aliyekuja kumpa pole."

Mama akalitua jembe, akajifuta miguu, akaja akaketi kwenye zile nyasi pembeni yangu, akanyoosha miguu kama watu wazima wanavyoketi msibani. "Pole, Paroko," akasema. "Ulikuwa mama yako. Alikuwa rafiki yangu pia."

Siku ile kitenge kikaondolewa mchana. Baba alipewa zamu yake, akasimama mbele ya tundu amekaza shingo: "Pole sana, mzee." Majirani wakasikia, wakaja wanacheka, wakajikuta wameketi. Mmoja aliniuliza kama mfiwa anapokea ndizi, nikamwambia anapokea ila zisizidi. Tangu hapo hapakuwa na saa Paroko alikaa bila mtu. Nasi baada ya muda tukaona kwenye ile ngozi tupu vimiba vidogo vidogo vya kijani vinachomoza. Mimi nikawatangazia wote kwamba nywele za mfiwa zimeanza kuota, kwa hiyo matanga yameisha.

Vimiba vilikuwa vimeshafunguka kuwa manyoya, na vichwa vyetu vilikuwa bado havijashika kitana, siku mtu alipotokea kwenye njia ya migombani. Tulikuwa wote uani tunamenya mihogo. Alikuwa amekonda, kanga imefungwa kiunoni, vumbi hadi kwenye nyusi. Mama Odeta. Kisu kilimdondoka mama. Hakuna aliyeinuka.

Na Mama Odeta naye alisimama. Alitazama kichwa cha mama, akatazama cha baba, akatazama changu. Uso ukamsawijika. Aliweka mkono mdomoni.

"Mungu wangu," alisema. "Nani kafa?"

Baba alimtazama mama. Mama alitazama mihogo. Mkubwa hakupatikana wa kujibu, ikabidi nijibu mimi.

"Wewe," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyekufa."

Alikaa chini pale pale njiani, kama mtu aliyekatwa miguu. Mama ndipo akamkimbilia, akamweleza yote kwa kukatakata, ndege, kifua, kuhara damu, wembe. Mama Odeta alikuwa anasikiliza huku anapapasa kile kipara cha mama, anapapasa tu, mbele na nyuma, kama haamini mkono wake. Akaniita, akapapasa changu. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko, hata tukawa hatujui tumshike wapi.

"Njia nzima," alisema alipopata pumzi, "tangu natoka kwetu, nilikuwa najiambia, nikianguka hapa hakuna hata unywele mmoja utakaoanguka kwa ajili yangu. Kumbe nimenyolewa. Kumbe nina watu!"

Binti yake alimpata kweli, tena akiwa anakaribia kujifungua. Ndiyo maana alichelewa: angeachaje binti yake ajifungue chini ya turubai bila mama? Mtoto alikuwa wa kike, na alikuwa mzima. Mama Odeta alipomwona Paroko alitugombeza huku machozi bado yanamtoka. Kasuku hanyoi kwa kufiwa, alisema, anajinyonyoa kwa upweke. Hawa hawajui kuishi kimya, ukimnyima maneno anajila mwenyewe. "Na ninyi mkamfunika mchana! Lo!" Mama alisikiliza kwa adabu yote. Mimi sikuona tofauti kubwa kati ya upweke na msiba, na hadi leo nina nywele za mvi sijaiona.

Amani iliporudi kwao walivuka tena mto, yeye na Odeta na mjukuu. Paroko hakwenda. Alikuwa amemhamia mama begani, na mtu mwingine akitaka kumtoa anachanua mkia. "Amechagua," Mama Odeta alisema. "Mwacheni." Waliagana pale kwenye njia ya migombani, mama akilia kwa sauti bila kujificha. Kasuku wa aina ile anaishi miaka ya binadamu. Nikapata wadogo wa kiume, tukakua, nikaolewa, baba akafariki, Paroko yupo, asubuhi misa, jioni misa. Na mama alipoanza kuugua alituambia neno moja tu la wosia ambalo alilirudia: "Mimi mtanizika mtakavyoona. Lakini ndege msimfunike mchana. Msiniulie ndege kwa heshima."

Hatukumfunika. Siku ya kuanua matanga tundu lilikuwa barazani. Mimi nilikuwa nimekaa mbali, nyuma ya nyumba, kichwa kimenyolewa na macho makavu, kila mtu nikimwambia niko sawa. Nikasikia watu wananyamaza. Nilipochungulia nikaona bibi kizee anapanda kutoka migombani, ameshikwa mkono na mwanamke mzima, yule yule aliyezaliwa chini ya turubai. Bibi alikuwa amevua kilemba. Kipara chake kilikuwa kimeshanyolewa huko huko kwao, siku alipopata habari, kabla hajavuka mto.

"Mfiwa yuko wapi?" aliuliza. Wakamwonyesha wadogo zangu. Akawapa mkono, akawapita, akaenda akaketi kwenye nyasi mbele ya tundu, taratibu, goti moja kisha jingine.

"Pole, Paroko," akasema. Akaomba maji kikombe, akajaza mdomoni, na mapafu yale ya uzee yakapuliza, pfuuu, ukungu mdogo tu. Paroko akachanua mabawa.

Kisha akageuka akanitafuta kwa macho, pembeni kule nilikojificha, akazipigapiga nyasi kwa kiganja.

"Na wewe njoo uketi, mwana wangu," akasema. "Mfiwa haachwi peke yake."

Nikaenda nikaketi.